Kuoanisha modeli za hewa: kusi ikifika kichochoroni

Simama mbele ya Fort Jesus mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma. Kisha ingia Ndia Kuu, uchepuke kichochoroni, umtazame muuza kahawa. Moshi wa makaa chini ya dele lake haufuati kusi tena: unapinda konani, unarudi nyuma, unapanda na ukuta hadi kwenye roshani, halafu unatuama. Upepo ni uleule, ila kuta zimeshautia tabia nyingine.

Modeli ya utabiri wa hali ya hewa, yaani programu ya kompyuta inayoiga anga, haiuoni moshi huo. Huikata anga vijisanduku vyenye upana wa kilomita kadhaa, na kila kimoja hupewa upepo mmoja, joto moja, unyevu mmoja. Kisiwa cha Mombasa kina kilomita za mraba 14 hivi. Eneo la kisanduku kimoja cha kilomita 4 kwa 4 linakizidi chote, na bandari ya Kilindini ndani. Kwa mvua, si haba.

Ipo modeli nyingine, ya mwendo wa hewa mjini. Vijisanduku vyake ni vya mita chache na majengo yamo kama vizuizi. Lakini hiyo haijui kusi inatoka wapi. Lazima iambiwe hewa gani inaingia kingoni mwake. Kuoanisha ni huko kuambiwa: modeli kubwa huikabidhi ndogo upepo, joto na unyevu, na hubadilisha makabidhiano kadiri saa zinavyokwenda.

Tatizo ni kwamba upepo wa modeli kubwa ni laini mno. Ukiingizwa ulivyo, husafiri masafa marefu ndani ya modeli ndogo kabla ya kuanza kuvurugika kama upepo wa kweli. Basi huvurugwa makusudi mlangoni, kwa kubadilisha joto kidogo hapa na pale. Mie hapo ndipo huona utamu wa kazi hii.

Sasa hesabu. Kisiwa kizima kwa vijisanduku vya mita 2 ni milioni 3.5 kwa tabaka moja tu. Ukipunguza kila upande wa kijisanduku kwa nusu, kimo nacho, vijisanduku huwa mara 8, na hatua za muda nazo hufupishwa kwa nusu: kazi mara 16. Ndipo zinapoitwa kadi za grafiki, zile za michezo ya kompyuta, zenye maelfu ya viini vidogo vinavyopiga hesabu kwa pamoja. Programu ya FastEddy ya NCAR, kituo cha utafiti wa anga cha Marekani, imeandikwa kwa ajili ya kadi hizo. Ila data ikienda na kurudi kati ya prosesa kuu ya kompyuta na kadi kila mara, kasi yote huishia njiani. Heri hesabu ibaki ndani ya kadi.

Na kadi peke yake haitoshi. Kichochoro cha mita 2 kwenye vijisanduku vya mita 2 ni kijisanduku kimoja, na ndani ya kimoja moshi wa kahawa hauna pa kupinda.