“Ikishuka Majini Itajiziba”: Dhana Potofu Zinazoharibu Boti ya Mbao Kabla ya Kulaza Mkuku

Anayetaka kuunda boti yake mwenyewe ya kuvulia nje ya mwamba huja ameshachagua injini, rangi na hata jina. Muulize mbao zake zilikatwa lini. “Wiki iliyopita, bado mbichi, zinapinda kama mkeka.” Ukimkanya, jibu lake utalijua kabla hajafungua mdomo: usijali, ikishuka majini itajiziba. Wanasema hivyo wenye boti, wauza mbao, na, kwa bahati mbaya, mafundi wenye miaka yao kazini. Basi tuanze na hilo.

“Mbao mbichi ni nzuri, ikishuka majini itajiziba”

Kinachojiziba ni ubao mkavu. Ubao uliofikia unyevu wa asilimia 15 hadi 18, ukapigwa kalafati (pamba inayokitwa kwenye mishono ya mbao) sawasawa, ukishuka majini hunywa, hufura na kuibana pamba iliyo kwenye mshono. Ubao mbichi umefura tangu ulipokuwa mti. Hauna pa kufurikia tena; kilichobaki kwake ni kusinyaa tu.

Nao husinyaa upana, si urefu. Miti mingi migumu inayopasuliwa ubapa hupoteza asilimia 3 hadi 5 ya upana ikitoka ubichi hadi ukavu wa hewa ya pwani. Ubao wa inchi 8 ni kama milimita 200. Asilimia 4 yake ni milimita 8. Penseli inapita hapo. Pamba uliyoikita kwa nyundo siku ya kwanza sasa inaning'inia kwenye ufa kama utambi. Na kama misumari imeushika ubao kando zote mbili hauwezi kusogea, basi hupasuka katikati, kwenye mstari wa misumari wenyewe, na ufa huo hauna kalafati.

“Lakini chini ya maji ubao haukauki.” Kweli, chini ya mstari wa maji. Mbao tatu au nne za juu zinapigwa na jua la kaskazi mchana kutwa, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, boti inakaa mchangani saa nyingi. Angalia sasa ubaya wa jambo lenyewe: ikiwa tupu bandarini haivuji hata tone, na mwenyewe anajisifu. Boti ya mita 9 ikipakia tani moja ya barafu na mafuta huzama kama sentimita 6 zaidi, na ikilala ubavu kwa wimbi upande mmoja huzama zaidi ya hapo. Mishono iliyokauka inaingia majini ukiwa maili 15 nje na kusi linavuma. Uvujaji wa mbao mbichi haukuonyeshi dalili pwani.

Hasara haiishii kwenye mishono. Msumari uliopigwa kwenye taruma bichi, yaani ubavu wa boti, hulegea taruma likikauka, kwa sababu mti umejitenga nao. Kuvu wa kuozesha hustawi unyevu ukizidi asilimia 20 na hewa ikiwapo. Ukipaka rangi ya mafuta pande zote mbili za ubao mbichi umewafungia chumba, chakula na maji.

Hoja ya wazee ina ukweli wake, lakini isikilizwe yote. Walipinda mbao zenye unyevu, ndiyo, ila vyombo vyao vilikaa majini karibu mwaka mzima, vikapakwa sifa (mafuta ya papa) badala ya rangi, na kalafati ilirudiwa kila msimu bila mtu kulalamika. Wewe unataka upake rangi mara moja kisha uvue miaka mitatu. Kama shida ni kupinda, tumia mvuke: sanduku refu la mbao, pipa la maji juu ya moto, bomba, na saa moja kwa kila inchi ya unene wa ubao. Ubao ukitoka, una dakika chache tu za kuubana kwenye mataruma, kwa hiyo vibanio viwe tayari na watu watatu wawe wamesimama.

Namna ya kukausha si siri, ni subira. Jenga kwanza banda la makuti au mabati, pembeni wazi ili upepo upite, na liwe limesimama kabla ya masika. Inua rundo sentimita 40 kutoka ardhini. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya inchi moja, kila sentimita 50, na vijiti vyote visimame mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, mbao zitakauka na mawimbi yake. Paka ncha rangi nzito siku ile ile mbao zinapofika, maana ncha hunyonya na kutoa maji haraka na ndipo mipasuko inapoanzia. Juu weka mawe. Usianike juani hata kwa siku moja “ili ziwahi”.

Ubao wa inchi moja na robo usiutarajie kabla ya miezi minne, na mti mzito kama mbambakofi ungoje zaidi. Lakini usihesabu miezi, pima. Kata kipande cha inchi moja, nusu mita kutoka nchani (ncha hudanganya), ukipime papo hapo kwa mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105, ukipime kila baada ya saa chache hadi uzito ukome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye ule wa kwanza, jibu gawa kwa uzito mkavu. Kikianza gramu 150 na kuishia 120, tofauti ni 30, yaani asilimia 25. Rudisha ubao kwenye rundo. Asiye na oveni achague ubao mmoja, autie alama na kuutundika kwenye mizani ya samaki kila wiki mbili. Uzito ukiacha kupungua, ubao umekubaliana na hewa ya hapo.

Usivuke mpaka upande wa pili pia. Mbao zilizokaushwa kupita kiasi kiwandani, zikapangwa zimebanana bila nafasi, hufura kwa nguvu ya kung'oa misumari na hata kuvunja mataruma. Ndiyo maana mshono una umbo lake: ndani mbao zinagusana kabisa, nje zimeachana kama milimita 2 kwa ubao wa inchi moja na robo. Pamba inashikwa na mteremko huo. Mshono ulioachana sawa ndani na nje hauna cha kuishikilia. Nyundo itaipeleka moja kwa moja kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti.

Mkuku, uti wa mgongo wa boti, ni habari nyingine. Gogo la inchi 6 kwa 8 halitakauka hadi moyoni ndani ya muda wa mtu mwenye familia, na halina haja, kwa kuwa litaishi majini. Unachotaka ni kiini pekee (mti mgumu wa ndani, bila ule mweupe wa pembeni), nyuzi zilizonyooka na ncha zilizopakwa. Hata mataruma ya mtondoo au mkwaju yaliyopindika kwa asili yanaweza kuchongwa takriban yakiwa mabichi, kila upande ukiachiwa sentimita moja, kisha yakalazwa kivulini hadi zamu yake.

Kwa hiyo mbao zinanunuliwa mwanzo kabisa, kabla ya injini, pamoja na hati zake za kusafirishia mazao ya misitu. Miezi ya kungoja ni miezi ya mchoro.

“Fundi ana mchoro kichwani”

Mafundi wa Nungwi (Unguja) na Matondoni (Lamu) huunda kwa jicho na vyombo vyao vinatembea, hakuna anayebisha. Lakini vipimo vilivyo kichwani ni vya chombo wanachokijua, cha tanga, mzigo chini. Wewe umeongeza dizeli, tangi la lita 300, sanduku la barafu na kibanda ambacho nahodha atasimama ndani yake bila kuinama. Hicho si chombo kile tena. Vilevile kwa anayenunua mchoro wa mita 8 na “kuurefusha kidogo” hadi 10 kila upande: vipimo vimeongezeka robo, uzito umekaribia mara mbili.

Daftari moja linatosha kuanzia. Andika kila kitu kizito, kilo zake, kimo chake kutoka mkukuni, na umbali wake kutoka tezi (nyuma ya boti). Jumlisha. Utashangaa paa la kibanda, nyavu zilizolowa na watu wanne waliokaa juu yake wanafanya nini.

Hapa ndipo inapoingia ile sifa ya ajabu: “boti imetulia, inayumba polepole.” Kuyumba polepole ni dalili ya uzito ulio juu, boti inayofikiria kama irudi au isirudi. Ikishashuliwa, ipime kwenye maji tulivu ikiwa na mzigo, kamba zimelegezwa: iyumbishe, hesabu muda wa kwenda na kurudi mara kumi, gawa kwa kumi. Sekunde zikizidi upana wa boti kwa mita, shusha uzito kabla ya kutoka. Upana mita 2.8 na sekunde 4 ni boti ya kubaki bandarini.

“Msumari ni msumari”

Hapana. Msumari unaong'aa wenye rangi ya samawati umepakwa zinki nyembamba kwa umeme, na chumvi huimaliza upesi. Unaotakiwa umechovywa kwenye zinki ya moto: kijivu, umefifia, una vinundu ukiupitisha vidoleni. Urefu uwe karibu mara tatu ya unene wa ubao; kwa inchi moja na robo, inchi tatu na nusu. Toboa kwanza kwa keekee yenye ncha nyembamba kidogo kuliko msumari, la sivyo mti mgumu utapasuka au zinki itakwaruzika. Chini ya kichwa zungusha uzi wa pamba uliochovywa kwenye rangi. Na usichanganye shaba na zinki chini ya maji; shaba itapona, zinki italiwa. Stenlesi nayo, iliyozama ndani ya mbao zilizolowa bila hewa, huliwa kwa vitundu usivyoviona, hata kama muuzaji ameapa.

“Ubao mnene ndio nguvu”

Nguvu iko kwenye mataruma yaliyokaribiana, viungo na misumari. Ganda la boti ya mita 9 lina kama mita 34 za mraba; ongeza nusu inchi na umebeba zaidi ya kilo 300 za mbao kila safari, maisha yote ya boti. Hizo zilikuwa nafasi ya samaki.

“Chumvi ndiyo inayoozesha”

Maji ya chumvi hupunguza uozo. Yanayoozesha ni maji baridi: mvua inayokaa kwenye viungo vya sitaha, na, kwa boti ya uvuvi, barafu. Sanduku lenye tani ya barafu linayeyusha maji matamu siku nzima, yanachuruzika nyuma ya mbao za ndani na kulala kati ya taruma na taruma. Basi chini ya kila taruma, pembeni mwa mkuku, chonga kitundu cha sentimita 3 maji yapite hadi kwenye pampu. Kazi ya patasi ya dakika tano kabla ya kupiga mbao, baadaye haiwezekani. Chumvi ina mdudu wake, minyoo inayotoboa mbao chini ya maji, na dawa yake ni rangi ya chini isiyo na mkwaruzo na kuipandisha boti mara kwa mara.

“Nitafunika kwa fiber, basi”

Mbao zilizopangwa kwa mishono husogea kila siku. Fiber haisogei. Hupasuka juu ya mshono, maji yanaingia nyuma yake yasitoke, na baada ya misimu kadhaa unaondoa fiber nzima kama ganda la yai na ubao uliooza umeng'ang'ania. Rezini ya poliesta haishiki vizuri kwenye mbao zenye unyevu au mafuta kama mtiki. Anayetaka fiber aamue mwanzoni, aunde kwa plaiwudi au vipande vyembamba vilivyogundishwa kwa epoksi, mbao zikiwa na unyevu chini ya asilimia 15.

“Injini kubwa, mwendo mkubwa”

Boti nzito ya mkuku ina kikomo. Chukua urefu wa mstari wa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Futi 28 hutoa noti (maili za baharini kwa saa) 7 hivi. Nguvu farasi tano kwa kila tani zinakufikisha karibu na hapo. Zaidi ya hizo unalisha wimbi la nyuma kwa dizeli. Huhitaji kuinunua injini kabla ya kulaza mkuku, lakini lazima uwe umeichagua, maana karatasi yake inakupa upana wa kitako chake, mteremko wa shafti na kipenyo cha propela. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kimo cha fashini ya tezi, mti wa wima wa nyuma. Kati ya ncha ya propela na mbao iliyo juu yake acha angalau asilimia 15 ya kipenyo: propela ya inchi 20, nafasi ya inchi 3.

“Ukaguzi ni baada ya kumaliza”

Iwe TASAC Tanzania bara, ZMA Zanzibar au KMA Kenya (mamlaka za vyombo vya majini), nenda ukaulize masharti ukiwa bado na mchoro mkononi, na umwombe mkaguzi aje mataruma yakiwa wazi. Boti ikishafunikwa mbao na kupakwa rangi, vichwa vya misumari na viungo vya mkuku havionekani tena, na njia pekee ya kuvionyesha ni kubandua.