Injini kubwa ndani ya sedani ndogo: maana yake hasa

Gari likiitwa sedani ndogo yenye injini kubwa, maana yake kiwanda kimechukua gari la familia la milango minne, la daraja la BMW Series 3, Mercedes-Benz C-Class au Audi A4, ambalo kwa kawaida hutembea na injini ya silinda nne ya lita 2 hivi, kikalitia injini ya V8 au V6 (silinda nane au sita zilizopangwa pande mbili kwa umbo la herufi V) yenye nguvu mara mbili au tatu. Viti vya nyuma vinabaki, buti inabaki, na asiyejua magari anaweza kupishana nalo bila kugeuka. Mercedes-Benz C63 AMG ya mwaka 2008 ndiyo mfano ninaoupenda zaidi: C-Class yenye V8 ya lita 6.2 na nguvu farasi 457.

Sababu ya kufanya hivyo haihitaji maelezo mengi. Kasi ya kuchomoka inategemea nguvu ukilinganisha na uzito, na gari dogo ni jepesi. Jambo la kueleza ni namna injini inavyoingia, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Lita haziongelei ukubwa wa injini kwa nje. Zinapima nafasi ambayo pistoni zote zinaipita ndani ya silinda. Ukipanua matundu ya silinda bila kugusa umbo la bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, lita zinaongezeka na injini inabaki na vipimo vilevile. Pontiac waliitumia hali hii mwaka 1964. V8 yao ya lita 5.3 na ile ya lita 6.4 zilikuwa na umbo moja kwa nje, kwa hiyo ile kubwa iliingia kwenye gari lao la Tempest bila kukata bodi. Kikwazo kilikuwa cha ofisini: General Motors, kampuni mama, ilikataza gari la ukubwa ule kupewa injini inayozidi lita 5.4. John DeLorean, mhandisi wa Pontiac, na wenzake wakaikwepa sheria kwa kuiuza injini ile kama nyongeza ambayo mteja anaagiza, wakaiita GTO. Kwa vipimo vya Wamarekani gari lile halikuwa hata kubwa.

Wamarekani wana faida nyingine wasiyosifiwa vya kutosha. V8 zao nyingi zina kamshafti (mhimili unaofungua valvu) moja tu, iliyokaa ndani ya bloku, inayosukuma valvu kwa vijiti. Za Wajerumani zina kamshafti mbili juu ya kila upande, jumla nne, na hizo ndizo zinazonenepesha kichwa cha injini. Ndiyo maana V8 ya lita 5.7 iliyotoka kwenye Corvette iliweza kukaa kwenye Cadillac CTS-V ya mwaka 2004, wakati V8 yenye lita pungufu lakini kamshafti nne inaweza kubanana na kila kitu kwenye gari la ukubwa huo.

Vipimo vinavyouma ni urefu na upana. Audi walipotaka kuiweka V8 ya lita 4.2 kwenye S4 ya mwaka 2003, yaani A4 yao ya kasi, shida ilikuwa urefu. V8 yao ya awali ilikuwa na mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti, upande wa mbele, na mkanda huo unakula nafasi. Wakauondoa, wakaweka minyororo, na minyororo yenyewe wakaihamishia nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Injini ikafupika, ikaingia. Ankara ilikuja baadaye kwa wamiliki: vile vipande vya plastiki vinavyoongoza minyororo vikichakaa, huwezi kuvifikia mpaka injini itolewe kwenye gari. Fundi anayekutajia bei ya kazi hiyo hakuibii. Anakutoza uamuzi uliofanywa kwenye meza ya mchoraji.

Upana nao una visa vyake. V8 inatoa manifoldi za eksozi (mabomba yanayokusanya moshi) pande zote mbili, palepale ambapo shafti ya usukani, maunti zinazoshikilia injini na mfumo wa stelingi vinapita. BMW M5 ya mwaka 1998, gari la daraja moja juu ya hizi tunazozungumzia, ilitumia stelingi boksi ya mtindo wa zamani, ilhali ndugu zake wa silinda sita walikuwa na raki, fimbo yenye meno inayovuta magurudumu moja kwa moja, ambayo dereva anaihisi vizuri zaidi. Raki haikupata pa kukaa chini ya V8. Mercedes-Benz 500E iliyoanza kuundwa miaka ya mwanzo ya 1990 ilileta shida ya aina yake: madigadi yalipanuliwa kiasi kwamba gari halikupita kwenye laini ya kiwanda cha Sindelfingen. Kazi ikapelekwa kwa Porsche, na bodi zikawa zinasafiri kati ya viwanda viwili kabla gari halijakamilika.

Halafu kuna uzito, na hapa dhana hii inaeleweka vibaya kuliko popote. Wengi huamini kwamba V8 lazima ilemee pua ya gari. BMW walipobadilisha M3, Series 3 yao ya kasi, mwaka 2007 kutoka silinda sita za lita 3.2 kwenda V8 ya lita 4, injini mpya ilikuwa na kilo 202, pungufu kwa kilo 15 kuliko ile ya zamani. Bloku ya zamani ilikuwa ya chuma cha kumimina, mpya ya aluminiamu. Tena V8 ni fupi kuliko silinda sita za mstari mmoja, kwa hiyo iliweza kusogezwa nyuma karibu na dashibodi. Mahali uzito ulipo ni muhimu kama kiasi chake. Ndoo ya maji ikiwa kifuani unageuka nayo upesi. Inyooshee mikono, na ndoo ileile inakuvuta.

Audi kwa miaka mingi wamenyoosha mikono. Mfumo wao wa kuendesha magurudumu yote manne unaiweka sehemu kubwa ya injini mbele ya ekseli ya mbele, ndiyo maana RS4 ya mwaka 2005, A4 kali kuliko S4, yenye V8 tamu inayozunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, ilihitaji kazi kubwa ya springi na shokapu ili isiwe inakwenda moja kwa moja dereva anapokata kona. Ndugu yake mdogo, RS3 ya mwaka 2021 yenye silinda tano zilizolazwa kukingama gari, ina matairi ya mbele mapana kuliko ya nyuma: 265 mbele, 245 nyuma. Ukiona hivyo kwenye gari la kasi, ujue pua imebeba mzigo.

Vingine vinavyofuata ni vya lazima ingawa havisimuliwi: rejeta kubwa na matundu mapana kwenye bampa, giaboksi, propela na difu zinazostahimili msokoto, breki za kusimamisha kilichoharakishwa. Anayebadilisha injini nyumbani kwa kawaida anabajeti ya injini tu, na gari linamaliza mwaka juu ya mawe.

Joto lina neno lake. Tabo, zile feni zinazozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ziliporudi kwa kishindo, mahali pa kuziweka palikuwa haba kwa sababu pembeni mwa V8 tayari pamejaa. C63 ya mwaka 2015 ilijibu kwa kuzipandisha juu, katikati ya ile V yenyewe, huku lita zikishuka kutoka 6.2 hadi 4. Injini ikawa nyembamba na moshi ukawa na njia fupi ya kufikia tabo, lakini vyuma vyenye moto mkali kuliko vyote vikakusanyika mahali pamoja chini ya boneti, na hewa ya kuvipoza ikawa jambo la kupangiwa tangu mwanzo.

Kilichofuata kinawagawa watu mpaka leo. Sheria za moshi za Ulaya zilibana, na C63 iliyotangazwa mwaka 2022 ikaja na silinda nne za lita 2, tabo moja, pamoja na mota ya umeme kwenye ekseli ya nyuma. Nguvu farasi zikafika 680, nyingi kuliko C63 yoyote kabla yake, na uzito ukapita tani 2. Kwa mtazamo wangu hilo si tena sedani ndogo yenye injini kubwa, hata karatasi zikisemaje. Ni gari zito lenye injini ndogo inayosaidiwa. Chini ya boneti sasa kuna nafasi ya kutosha. Betri ndiyo iliyokosa pa kukaa, ikawekwa juu ya ekseli ya nyuma, na mzigo uliokuwa ukiingia kwenye buti ukapungua.