Kupanda Mikoko Bila Kudhibiti Kunguru ni Kazi Nusu

Mvua zikishika, vikundi vya vijana wa Mikindani, Tudor na Jomvu huteremka matopeni kupanda miche ya mkoko na mkandaa. Ni kazi njema, tena ngumu, na Mombasa inaihitaji sana. Lakini miti peke yake haifanyi msitu wa mikoko. Humo ndege hutaga, kaa hujificha na samaki wachanga hukulia, na humo ndimo kunguru wa India anamotuharibia.

Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji. Akazaana, akavuka hadi bara, na kufikia miaka ya 1940 alikwisha onekana Mombasa. Meli nazo zimemsambaza bandari hadi bandari.

Nenda ukingoni mwa hori ya Tudor maji yakipwa umtazame. Ataruka kutoka mzizi hadi mzizi akidokoa kaa wadogo. Penye viota vya kwera, ndege wadogo wafumao viota, ndipo pana msiba hasa: hung'ang'ania kiota kwa kucha, akakipasua ubavuni kwa mdomo, akatoa makinda mmoja mmoja huku wazazi wakipiga kelele kando. Kwa ndege wakubwa kama yangeyange huja wawili au zaidi. Mmoja humchokoza mzazi, mwenzake akaingia kiotani. Tunaweza kupanda miche hadi Port Reitz yote ikawa kijani, na bado ndege wasirudi.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Sumu inayotumika huitwa Starlicide. Wataalamu kwanza huwalisha nyama safi mpaka wazoee, maana kunguru ana akili na hushtuka upesi, kisha ndipo huweka nyama yenye dawa. Figo huharibika na ndege hufa ndani ya siku moja au mbili. Mwili wake huivunja sumu hiyo, kwa hiyo hatari kwa mnyama atakayekula mzoga ni ndogo.

Hata hivyo, sumu na mitego hupunguza idadi, taka zikairudisha. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, na makinda wangapi watapona hutegemea chakula kilichopo karibu. Chakula hicho tunakitoa sisi: matumbo ya kuku nyuma ya mabanda, vichwa vya samaki wanavyovimwaga mama karanga, yaani wanawake wakaanga samaki, wakifunga biashara jioni, mapipa ya hoteli yasiyo na vifuniko. Kwa miaka mingi jaa la Kibarani lilikuwa ufukweni kabisa, kunguru akila hapo na kurukia mikokoni kwa dakika chache. Kulifunga ilikuwa hatua kubwa ya kuwalinda ndege wa mikoko, ingawa wengi waliiona kama usafi wa barabara tu. Kwa maoni yangu kila shilingi ya sumu ingetanguliwa na shilingi ya vifuniko vya mapipa.

Kisiwa cha Socotra kiliwamaliza kunguru wake mwaka 2009 kwa sababu waliwahiwa wakiwa wachache. Sisi tumechelewa kwa hilo. Tunachoweza ni kuwapunguza mpaka kwera na yangeyange waweze kulea tena.

Nawasihi wakazi: msipake nyama dawa ya wadudu au ya panya mkaitupa nje. Dawa hizo huua mwewe, paka na mbwa, na mtoto anaweza kuiokota. Kiota cha kunguru kilicho kwenye mwembe wa nyumbani kiondoeni kabla mayai hayajaanguliwa, ila mwangalieni kwanza mwenye kiota ni kunguru yupi. Yule mkubwa mwenye kifua cheupe ni kunguru wetu wa asili, naye amekuwa adimu mjini kwa kusukumwa na mgeni huyu. Kiota chake kisiguswe.