Je, wajua kwa nini bizinesi kadi inapendeza kwenye simu, ikitoka printi inakuwa kitu kingine?

Shangazi yangu anaoka keki Magomeni, siku moja akaniambia mwanangu nitengenezee bizinesi kadi, basi nikakaa na simu usiku kucha nadizaini, bluu moja kali inawaka, logo ya keki juu, fremu nyembamba ya njano imezunguka kadi nzima. Tukaagiza 500. Zilipokuja shangazi akachukua moja, akaigeuza geuza, akaniangalia: "Hii zambarau umeitoa wapi?"

Na kweli ilikuwa zambarau. Nikaanza kumlaani mtu wa printi kimoyomoyo, kumbe mchawi ni mimi mwenyewe.

Iko hivi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ukiwasha zote tatu kwa nguvu unapata nyeupe. Sasa karatasi haiwaki. Mashine inatumia wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kazi ya wino ni kumeza mwanga, ule unaobaki ndo unakurudia machoni, kwa hiyo kila ukiongeza wino rangi inazidi kuwa nzito. Kuna rangi mwanga unaziweza ila wino wa kawaida hauziwezi, kama kijani kile cha riflekta za bodaboda, na hiyo bluu yangu pia, ambayo mashine inaiigiza kwa kupandisha samawati na majenta nyingi juu yake, zambarau inazaliwa hapo. Kwenye programu ya kudizaini kuna sehemu ya kuchagua CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, anza nayo mapema, na kama programu ya simu yako haina basi omba wakutolee kadi moja tu ya kuangalia kabla hawajapiga zote.

Logo nayo ilitoka na ukungu. Niliichukua kwenye WhatsApp, na WhatsApp ukiituma picha kama picha inaibana ili iwe nyepesi. Printi nzuri inataka nukta kama 300 kwa kila inchi, yaani logo ya upana wa sentimita 2.5 inahitaji karibu pikseli 300 za kweli, sio skrinishoti ya skrinishoti. Itume kama dokyumenti haiguswi, au bora zaidi tafuta faili la PDF alilolitengeneza dizaina wa kwanza.

Halafu fremu, jamani. Kadi haziprintiwi moja moja, zinapangwa kwenye karatasi kubwa, karatasi zinarundikwa, kisha gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, inashuka. Rundo likisogea milimita moja tu huoni kitu, ila ukiwa na fremu pembeni utaona upande mmoja mnene na mwingine umeliwa, na kadi inaonekana imekatwa na mlevi. Ndo maana mafundi wanataka rangi ya bakigraundi ivuke ukingo kwa milimita 3 na maandishi yakae ndani milimita 3 mpaka 5. Fremu achana nayo.

Saizi usijifanye mbunifu. Kadi ya benki ni milimita 85.6 kwa 54 hivi, na pochi zimeshonwa kufuata hiyo, sasa ukitengeneza kadi ya duara itakaa wapi? Itaishia kwenye droo na betri zilizokufa.

Kosa la mwisho lilikuwa leminesheni ya kung'aa pande zote mbili. Inavutia, lakini biro inateleza, na huku kwetu mtu akipewa kadi anaandika nyuma "keki ya ubarikio, kilo 3, Jumamosi". Nyuma usiweke leminesheni. Tena nyuma ni mahali pazuri pa kuelekeza njia: wafanyabiashara wa London karne ya 18, kabla nyumba hazijapewa namba, kadi zao zilitaja alama ya duka na kitu maarufu kilicho jirani, sawa kabisa na sisi na "nyuma ya msikiti, mkabala na sheli".

Awamu ya pili sikwenda moja kwa moja kwa mtu wa printi. Nilitoa kadi kwenye A4 ya kawaida pale steshenari, saizi yake halisi, nikaikata kwa mkasi nikampelekea mzee jirani bila miwani yake, nikamwomba anisomee namba ya simu. Ile 6 akaisoma 8, mara mbili. Nikabadilisha fonti, nikakuza namba, nikatoa yale maneno ya "ubora na uaminifu" ili ipate nafasi ya kupumua. Akasoma vizuri, akaagiza na keki.

Zile 500 za kwanza zipo bado, wajukuu wa shangazi wanachezea karata.