Dereva ndani ya printa

Mwezi uliopita nilipewa mwongozo wa printa niuhariri. Ukurasa wa tatu uliandikwa: "Hakikisha dereva wako amesakinishwa." Mfasiri aliliona neno driver, akaandika maana ya kwanza iliyomjia. Namwelewa, lakini mwenye duka la kuchapisha kule Kayole aliyekwama na mashine mpya atabaki palepale.

Neno driver limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, drifan: kusukuma, kuswaga. Anayeswaga ng'ombe alilistahili karne nyingi kabla gari halijaundwa. Ukishika huko kusukuma, maana nyingine zinajipanga: anayeendesha matatu, bisibisi inayozamisha skrubu, fimbo ya gofu ya kupigia mpira mbali, ile sehemu ya spika inayotikisa hewa tukasikia sauti, na programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuiamuru printa.

Kiingereza hakipati taabu, kwa sababu -er mwishoni mwa kitenzi humtaja mtendaji, awe mtu au kifaa. Hata kompyuta, katika karne ya 17, lilikuwa jina la mtu anayepiga hesabu. Kiswahili hakiniachii nafasi hiyo. Kabla sijaandika lolote, ngeli inataka kujua: mtu au kitu? Kutoka endesha napata mwendeshaji, napata na kiendeshi. Kinyozi na kiongozi wamevaa ki- nao ni watu, ni kweli, ila husemi kinyozi kimefika. Upatanisho unamlinda mtu.

Jibu zuri zaidi nililipata Luthuli Avenue, Nairobi, nimesimama mbele ya meza ya fundi aliyefungua laptopu. Alimwambia kijana wake, "Nipe bisibisi ya nyota." Baada ya kuiwasha laptopu akanung'unika, "Draiva imekataa, itoe uiweke upya." Kisha akapokea simu: "Dereva ameshafika na mzigo?" Imekataa, ameshafika. Neno moja la Kiingereza ameligawa mara mbili, kwa matamshi na kwa ngeli, bila kusita hata kidogo. Nilitamani kumkumbatia.

Kwenye mwongozo nimeandika "kiendeshi cha printa", na mara ya kwanza nikaongeza "yaani draiva", kwa kuwa kiendeshi peke yake hutumika pia kwa diski. Bisibisi imebaki ukurasa wa tisa, panapoelezwa jinsi ya kufungua kifuniko cha nyuma.