Kuruka Kidonge ili Unywe Bia Hakukulindi: Pombe na Dawa za Presha

Swali ambalo wagonjwa wa shinikizo la juu la damu hutuuliza kwa sauti ya chini kwenye dirisha la dawa, baada ya kutazama kama aliye nyuma yao kwenye foleni anasikiliza, ni kama mtu anayetumia dawa za presha anaruhusiwa kunywa pombe. Ni swali zuri lisilo na aibu yoyote, na jibu lake fupi ni kwamba usalama kamili uko katika kutokunywa. Hata hivyo, anayetutia wasiwasi zaidi si huyu anayeuliza, bali ni yule aliyekwisha kujiamulia: anajua Jumamosi ana harusi, amesikia kwamba dawa na pombe havipatani, basi tangu Ijumaa jioni anaviacha vidonge vyake kabatini na kuvirudia Jumatatu. "Dokta, nilikuwa na shughuli, ndiyo maana sikumeza," hutuambia siku ya kliniki, na husema hivyo kwa nia njema, akiamini kuwa amechagua lililo salama. Tunaandika tukimfikiria yeye kwanza, kwa sababu kwa kuruka dawa anajitwika hatari mbili badala ya ile moja aliyoikimbia.

Hatari ya kwanza ni kwamba dawa haitoki mwilini kwa kuwa tu mtu hakuimeza jana. Amlodipini, mojawapo ya dawa za presha zinazotolewa sana katika hospitali na vituo vyetu vya afya, huchukua kati ya saa 30 na 50 ili nusu yake tu iondoke kwenye damu, kwa hiyo aliyeruka kidonge cha Ijumaa jioni bado anayo kwa kiwango cha kutosha anapofungua chupa ya kwanza Jumamosi usiku. Pombe na dawa vinakutana vilevile. Hatari ya pili huja baadaye, Jumapili na Jumatatu, wakati dawa imepungua na pombe nayo imeanza kuipandisha presha. Kwa dawa za muda mfupi kama kaptopurili, mwili hubaki bila kinga mapema zaidi. Na kwa klonidini, au atenololi na propranololi, kuacha ghafla kunaweza kuifanya presha iruke juu au moyo ulemewe, hata kama mtu hakuonja tone la pombe.

Wengi watasema wamewahi kupima presha wakiwa wamekunywa na kukuta imeshuka. Ni kweli, na ndiyo sababu imani kwamba bia "hutuliza presha" haifi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, ulionyesha kwamba kiasi kinachozidi gramu 30 za kilevi hushusha presha kwa muda wa hadi saa 12, kisha huipandisha kuanzia takriban saa ya 13. Aliyekunywa hadi saa sita usiku wa Jumamosi atakuwa amepimwa wakati wa kushuka kama alipimwa alfajiri. Angepimwa Jumapili alasiri, mashine ingesoma jambo jingine. Kwa anayekunywa sana kila siku au kila mwisho wa wiki, ongezeko hilo haliishi, bali huwa sehemu ya presha yake ya kudumu, naye huongezewa dawa ya pili na ya tatu huku chanzo kikiwa hakijatajwa kliniki. Tunalisema hili bila kumlaumu mtu, kwa sababu lina upande wa matumaini: uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 katika jarida la Lancet Public Health ulikuta kwamba waliokuwa wakinywa vipimo sita au zaidi kwa siku, walipopunguza kwa nusu hivi, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa zaidi ya milimita tano za zebaki na ile ya chini kwa karibu nne. Huo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye hakuongezewa hata kidonge kimoja.

Je, kipimo ni kiasi gani? Kimoja hukadiriwa kuwa gramu 12 hadi 14 za kilevi halisi. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya bila kukusudia, kwa kuwa huhesabu chupa badala ya kilevi kilichomo. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Chupa ya konyagi ya mililita 200, yenye asilimia 35, ina takriban gramu 55, yaani karibu sawa na bia tatu za aina hiyo, ingawa inaingia mfukoni. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 kuhusu presha ilimtaka mwanamume anayekunywa asizidishe gramu 28 kwa siku na mwanamke asizidishe gramu 14. Kwa maana hiyo, mwanamke anayemaliza bia moja ya nusu lita amekwisha kuvuka, na mwanamume huvuka kabla ya kumaliza ya pili. Tangu hapo msimamo umekazwa zaidi, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kwa mnazi, mbege na ulanzi hesabu ni ngumu, maana nguvu yake hubadilika kadiri saa na siku za kuchacha zinavyoongezeka; na gongo hatuwezi kuikadiria kabisa. Wanaotuuliza kama divai nyekundu ni dawa ya moyo tunawajibu kwamba asiyekunywa hana sababu ya kiafya ya kuanza, iwe divai ya Dodoma au ya Ufaransa.

Dawa za presha hazifanani, na pombe haigongani nazo zote kwa namna moja. Nifedipini, hidralazini na prazosini hutanua mishipa ya damu, na pombe nayo huitanua. Mtu ameketi kwenye kiti cha plastiki kwa saa tatu, anainuka kwenda msalani, damu inabaki miguuni, macho yanaingia giza na magoti yanalegea. Akiwa mzee, kuanguka huko kwenye sakafu ya saruji kunaweza kumvunja nyonga. Dawa za kuongeza mkojo, kama hidroklorothiazidi na furosemidi, huondoa maji na madini ya potasiamu mwilini, na pombe huongeza upotevu huo, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo. Isitoshe, bia na dawa hizi kwa pamoja huchochea gauti, ugonjwa wa maumivu makali na uvimbe wa viungo. Metildopa na klonidini huleta usingizi, kwa hiyo anayezitumia akinywa hata kidogo asishike usukani wala bodaboda. Verapamili huchelewesha pombe kutoka mwilini. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia atenololi au propranololi anapaswa kujua kwamba pombe inaweza kushusha sukari yake huku dawa ikizuia mapigo ya moyo ya haraka ambayo yangemtahadharisha.

Vinavyoandamana na pombe navyo vina madhara. Nyama choma huja na kisahani cha chumvi, na kiwango kinachopendekezwa kwa siku nzima ni chini ya kijiko kimoja cha chai. Asubuhi, kichwa kikiuma, wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo hupandisha presha na zinaweza kuumiza figo za mtu anayetumia losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, hasa kama ametapika na kuishiwa maji. Kuzimua ni kuanzisha upya mzunguko uleule.

Wapo wasiopaswa kunywa kabisa: mjamzito, mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, mwenye ugonjwa wa ini, aliyewahi kupata kiharusi cha kuvuja damu, na yeyote ambaye presha yake bado inasoma 140/90 au zaidi licha ya dawa. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa nyumbani peke yake, kwa kuwa anaweza kupata kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege. Afike hospitali asaidiwe kuacha.

Kama daktari anayejua dawa zako amekuruhusu kiasi kidogo, au kama umekwisha kuamua kunywa, meza dawa zako kwa saa zake za kawaida, kula kwanza, kunywa maji, simama taratibu, na siku inayofuata usimeze vidonge viwili kufidia ulichokisahau. Mweleze mhudumu wa kliniki ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Akidhani hunywi, atapanga matibabu ya mtu mwingine.

Familia nazo zifahamu jambo moja tunaloliona kwa uchungu. Mdomo ukipinda upande, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakianza kuburuzika, watu walio jirani husema, "Amelewa, mwacheni alale." Mgonjwa wa presha mwenye dalili hizo apelekwe hospitali hapohapo, hata kama ananuka pombe, kwa sababu hicho kinaweza kuwa kiharusi, na pale inapopatikana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na ni lazima mgonjwa apigwe kwanza picha ya ubongo. Anayempeleka abebe kadi yake ya kliniki na pakiti za dawa, na amweleze daktari ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, alikunywa nini na kwa kiasi gani, na ni lini alimeza kidonge chake cha mwisho.