Mtoto ana wani, kwa nini amekosa udaktari?

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali ni lilelile. Mzazi wa Isevya analiuliza, mjomba anapiga simu kutoka Kaliua kuliuliza, mama aliyeshuka na treni ya Kigoma analiuliza kabla hata hajakaa: "Mwalimu, mtoto ana wani, daraja la kwanza. Udaktari si tayari?" Nafundisha kidato cha tano na cha sita hapa Tabora, na kazi ya kuwasaidia vijana kuomba vyuo imekuwa yangu kwa miaka mingi. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo hadi sauti imekauka. Safari hii naliandika.

"Mwenye daraja la kwanza nafasi yake ipo"

Haipo. Hakuna chuo kikuu nchini kinachomwekea mtu kiti cha udaktari kwa sababu cheti chake kimeandikwa daraja la kwanza. Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo watoto wenye akili nzuri wanapopotezewa mwaka mzima na watu wanaowapenda.

Daraja ni hesabu ya Baraza la Mitihani. Baraza linahesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha linajumlisha masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo makuu anaosoma mwanafunzi. Jumla ndogo ndiyo nzuri, na kuanzia 3 hadi 9 unaitwa daraja la kwanza. Sasa fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Humo hesabu imegeuzwa: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na jumla kubwa ndiyo nzuri. Nimeona mzazi akifurahi kwamba mwanawe ana "pointi 7 wakati wanataka 6", bila kujua kwamba hiyo 7 na hiyo 6 hazizungumzii kitu kimoja.

Njia rahisi ni hii: kama masomo yako yote matatu yako kati ya A na E, toa pointi za Baraza kwenye 18. Wani ya 3 inakuwa 15 kwa hesabu ya vyuo. Wani ya 7 inakuwa 11. Wani ya 9 inakuwa 9. Kwa hiyo hilo neno moja, wani, limembeba mwenye AAA na mwenye CCC pamoja, na kati yao kuna pengo la pointi 6. Nyumbani wote wawili watachinjiwa kuku, na ni haki yao. Kwenye foleni ya Muhimbili, chuo cha udaktari cha Dar es Salaam, hawakai karibu hata kidogo.

Kuna jambo baya zaidi. Chukua binti wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, mwenye A ya Biolojia, A ya Kemia na S ya Fizikia. Kwa Baraza ana 1, 1 na 6, jumla 8, daraja la kwanza. Chukua na kijana mwenye C ya Kemia, D ya Biolojia na D ya Fizikia: 3, 4 na 4, jumla 11, daraja la pili. Nani kati yao ana sifa ya kuomba shahada ya udaktari? Ni yule kijana. Udaktari unadai ufaulu kamili, yaani A hadi E, katika Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na S si ufaulu kamili. Binti ana wani na mlango umefungwa, kijana ana mbili na mlango uko wazi, ingawa kwa pointi zake hatafika mbali na mlango huo. Ukilielewa hili umeelewa zaidi ya nusu ya ninachotaka kusema. Na tafadhali usiniletee A ya GS (General Studies) au ya BAM (hisabati ya ziada), hazimo katika hesabu hii.

Turudi kwa yule kijana. Mwongozo wa TCU una safu inayoonyesha pointi za chini za kila programu. Kwa udaktari, miaka ya karibuni safu hiyo imekuwa ikisema 6. Watu wanaisoma, wanaona mtoto ana 9 au 10, wanafunga kitabu na kuanza kumwita "dokta". Pembeni yake kuna safu nyingine ambayo karibu hakuna anayeniuliza: idadi ya nafasi. Pointi za chini zinakupa ruhusa ya kuomba tu. Baada ya hapo chuo kinawapanga waombaji wote kuanzia mwenye pointi nyingi, kinahesabu nafasi zake, na zikiisha kimemaliza. Mkulima wa tumbaku wa Urambo analijua hili vizuri kuliko mhitimu: jani lako linaweza kuwa safi kabisa, lakini makisio ya kampuni yakishajaa, yamejaa. Mstari wa mwisho wa kuchaguliwa hauandikwi popote kabla, kwa sababu unachorwa na waombaji wenyewe mwaka huo. Kwenye udaktari wa vyuo vya umma mstari huo huwa juu sana, mbali na 6.

Ndiyo maana swali la "ana sifa?" ni dogo. Swali ni "anashindana na nani, kwa nafasi ngapi?" Muhimbili ni kongwe. Ilianza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na karibu kila mwenye PCB nzuri kutoka Kagera hadi Mtwara anaiandika kwanza. Kisha huyohuyo anaandika udaktari Dodoma, anaandika Bugando kule Mwanza, anaandika KCMC kule Moshi. Wazazi huniambia, "Tumetawanya, tumeomba vyuo vinne." Hamjatawanya kitu. Mmeingia mashindano manne yenye washindani walewale. Mwenye wani ya 3 yuko mbele yenu Muhimbili, yuko mbele yenu Dodoma, yuko mbele yenu kote.

Ni kweli kwamba huyo wa wani ya 3 atachaguliwa vyuo vitatu na atathibitisha kimoja, nafasi mbili ziachwe. Nafasi za namna hiyo ndizo zinazoonekana tena awamu ya pili ya maombi. Lakini nazo zinagombewa, na kozi iliyojaa haionekani kabisa. Kuiwekea mwaka mzima matumaini ni kumwonea mtoto.

Ushauri wangu, na sitauacha: mwenye pointi 13 kushuka kwa hesabu ya vyuo, andika udaktari mahali pamoja au pawili, halafu shuka kwa makusudi. Ufamasia. Uuguzi. Sayansi za maabara. Afya ya mazingira. Tiba ya mifugo Sokoine, Morogoro. Vyuo vingi vinakuruhusu kupanga programu kadhaa kwa kipaumbele ndani ya ombi moja, sasa kwa nini ujaze udaktari peke yake na kuacha mistari mingine wazi? Wakati mwingine ni baba amesema mwanawe "hataki uuguzi". Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Namuuliza mimi, baba akiwa nje, na mara nyingi jibu ni tofauti.

Kama una kaka aliyemaliza 2014 au 2015 usijipime naye. Miaka hiyo alama zilikuwa na B+ na ngazi nyingine kabisa. Mwongozo una maelezo yake ya kila kundi.

"Ametoka Tabora School, wataangalia hilo"

Hawaliangalii. Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia mwaka 1937, shule ina historia, na sisi wa Tabora tuna haki ya kujivunia. Lakini mfumo wa chuo unachukua namba ya mtihani na kuvuta alama. C ya shule ya vipaji na C ya shule ya kata ya Sikonge zote ni pointi 3. Kwa kijana wa Sikonge hii ni habari njema, na nasikitika kwamba wengi hawaambiwi.

"Kuna mtu Dar anaweza kuingiza jina"

Hakuna. Tangu mwaka 2017 waombaji wanatuma maombi moja kwa moja chuoni, chuo kinachagua, na TCU inahakiki majina. Huyo mtu wenu anasubiri majina yatangazwe kama ninyi. Mtoto akichaguliwa kwa alama zake, anadai ni kazi yake. Asipochaguliwa, simu haipokelewi. TCU yenyewe inaonya kila mwaka dhidi ya hawa. Ada halali ya ombi kwa kawaida ni shilingi 10,000 kwa chuo, unalipa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Nimeona pesa ya msimu mzima wa tumbaku ikiondoka kwa njia hii, na mimi nalia na mzazi, lakini haikurudi.

"Muhimbili wanajenga Kigoma, watoto wa Kigoma watapewa kwanza"

Ujenzi wa kampasi ya Muhimbili mkoani Kigoma ni jambo kubwa, na nina furaha nalo. Ila vigezo vya kuingia havina safu ya mkoa uliozaliwa. Mtoto wa Ujiji atakuwa karibu na nyumbani akichaguliwa. Kuchaguliwa kwenyewe kutabaki kwa alama.

"Nitaomba nikitoka JKT"

Hili linaniudhi kwa namna nyingine, maana hapa aliyekosa hakushindwa na mtu yeyote. Matokeo yanatoka kijana akiwa kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa: Msange hapa kwetu, au Bulombora, Kanembwa, Mtabila kule Kigoma, au mbali zaidi. Mafunzo ni ya miezi mitatu. Miaka ya karibuni dirisha la kwanza la maombi ya vyuo limefunguliwa katikati ya Julai na kufungwa takriban tarehe 10 Agosti. Fanya hesabu mwenyewe. Anayesubiri kutoka ndipo aombe anaingia awamu ya pili, wakati kozi za ushindani zimeshajaa. Mwenye AAA aliyechelewa anaweza kukosa kile ambacho mwenye AAB aliyewahi amekipata.

Kwa hiyo kabla kijana hajapanda basi la kambini, akae na mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini. Wafungue anwani ya barua pepe ya kijana mwenyewe. Nywila iandikwe kwenye daftari, si kichwani. Waache namba za mitihani ya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, na orodha ya kozi kwa mpangilio wa aina mbili: matokeo yakiwa mazuri sana tuombe hivi, yakiwa ya kati tuombe hivi.

Sasa steshenari. Vijana wa steshenari wanatusaidia sana, mjini Tabora na Kasulu vilevile. Lakini wakiwa na foleni ndefu wanatumia barua pepe yao na namba yao ya simu ili kazi iende haraka. Wewe unaondoka na karatasi tu. Wiki kadhaa baadaye mtoto anachaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa msimbo unaotumwa kwa simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Msimbo umeenda kwa mtu aliyehudumia mamia ya watu na hamkumbuki mwanao. Simama nyuma yake, mwambie namba yako, ione ikiandikwa, kisha tunza laini hiyo ikiwa hai hadi masomo yaanze.

Jambo hilohilo kwa mkopo. Watu wanangoja mtoto apate chuo ndipo waombe Bodi ya Mikopo. Dirisha la Bodi lina tarehe zake na haliwasubiri TCU. Omba huku unangoja, na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ufanyike mapema, kwa sababu huo ndio unaokwamisha wengi.

"Akienda diploma, udaktari ndiyo basi"

Wazazi wanalisema hili kwa uchungu, kana kwamba diploma ya utabibu ni msiba. Siyo. Mwenye diploma ya utabibu anaweza kuomba shahada ya udaktari, na njia hiyo imo kwenye mwongozo wa TCU wa wenye stashahada. Anahitaji wastani wa GPA usiopungua 3.0. Tena anaingia amekwisha kugusa mgonjwa, anajua wodi inavyonuka saa nane usiku, na kama alisimama katikati kufanya kazi, ana mshahara. Kwa kijana mwenye pointi 7 au 8 za vyuo anayetaka udaktari kweli, mimi naiona njia hii ni ya uhakika kuliko kukaa nyumbani mwaka mzima kurudia mtihani.

Ila ina sharti linalosahaulika. Anayeomba shahada ya udaktari kwa diploma anatakiwa pia awe na angalau D ya kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiingereza na Hisabati. Hisabati ndiyo inayowakamata watu wa PCB. Wengi walipata F, wakaingia kidato cha tano bila tatizo, wakadhani imekwisha. Kabla hujalipia chuo chochote cha afya, toa cheti cha kidato cha nne ukiangalie. Ukikuta F ya Hisabati, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea uirudie wakati diploma inaendelea, usisubiri hadi siku ya kujaza fomu ya chuo kikuu.